Fundi wa Kanzidata na Kikokotoo Chake

Fundi hodari wa PostgreSQL, programu ya kanzidata, hutamtambua kwa wingi wa mipangilio aliyoibadilisha. Faili la postgresql.conf lina mamia ya vipengele, na yeye huenda asiguse hata ishirini. Lakini muulize kwa nini kipengele fulani amekiacha kilivyo, atakupa sababu.

Mpe seva mpya yenye RAM ya gigabaiti 32. Atakuta shared_buffers, RAM ambayo PostgreSQL hujitengea, ikisoma megabaiti 128, kiwango kidogo kilichowekwa ili programu iwake hata kwenye mashine dhaifu. Ataipandisha hadi robo ya RAM, gigabaiti 8, kisha atatulia. Mwenye pupa angemega robo tatu. Fundi anajua kwamba Linux nayo huhifadhi data ya diski kwenye RAM iliyobaki, na PostgreSQL inaitegemea hifadhi hiyo.

Ila umahiri wake mimi nauona zaidi kwenye work_mem, RAM ya kupangia data. Kiwango cha kawaida ni megabaiti 4. Ripoti ikichelewa kwa kuwa data inapangwa kwenye diski, wengi huandika 64, wakawasha upya na kwenda zao. Fundi hushika kikokotoo kwanza. Kiasi hicho si cha seva nzima, wala si cha mtumiaji mmoja: ni cha kila upangaji ndani ya kila ulizo. Miunganisho 200 yenye upangaji mara mbili kila mmoja inaweza kudai gigabaiti 25, na 8 zimeshachukuliwa. Siku ya shughuli nyingi, Linux itaanza kuua michakato. Basi anawaachia wote 4, anaipandisha kwa akaunti moja tu, ile inayotoa ripoti za mwisho wa mwezi. Amri moja ya ALTER ROLE inatosha.

Kuna pia rekodi mfu. Ukibadilisha rekodi, PostgreSQL huandika mpya na kuiacha ya zamani palepale, ili anayesoma asimsubiri anayeandika. Kazi ya kufagia ni ya autovacuum, ambayo kwa kawaida husubiri rekodi mfu zifike asilimia 20 ya jedwali, na rekodi 50 juu yake. Kwenye jedwali la rekodi milioni 10, huo ni uchafu wa rekodi 2,000,050! Wapo wanaoizima autovacuum kabisa wakidai inaelemea seva. Huko ni kujitafutia balaa. Fundi huteremsha asilimia hiyo hadi 1 kwa jedwali hilo peke yake.

Faharasa haongezi kabla ya kusoma matokeo ya EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha jinsi ulizo linavyotekelezwa, maana kila faharasa hulipiwa wakati wa kuandika.

Nakala rudufu haamini mpaka airejeshe. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta data ya seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Nakala za pg_dump, zana ya kunakili kanzidata, hazikuwapo: toleo lake la 9.2 lilikuwa likijaribu kunakili kanzidata ya 9.6 na kushindwa, na barua pepe za kutoa taarifa hazikuwa zikifika. Kilichowaokoa ni nakala ya diski iliyochukuliwa kwa mkono saa sita hivi kabla ya ajali.

Kama una kanzidata mikononi mwako, chukua nakala ya jana, irejeshe leo kwenye mashine nyingine, kisha uhesabu rekodi zake.