Ekseli kwanza, mifuko baadaye

Mpwa wangu aliyeko California alinunua pikapu kuukuu, Chevrolet S-10 ya 1998, akitaka kuishusha hadi ilalie lami. Swali lake la kwanza: "Mjomba, nichukue mifuko gani ya upepo?" Nikamuuliza ekseli ya nyuma itashikwa na nini. Akanyamaza, kisha akanitumia picha kumi za mifuko.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Nyuma ya S-10 kuna springi za mabamba, zilezile tunazozijua kwenye Hilux. Mtu huziona kama vyuma vya kubeba mzigo, basi. Kumbe ndizo pia zinazoizuia ekseli isitembee mbele na nyuma, isichepuke pembeni, na isijiviringishe dereva anapokanyaga mafuta. Mfuko wa upepo, ule unaojazwa na kutolewa hewa ili gari lipande na kushuka, unajua kubeba tu. Ukitoa mabamba ukaweka mifuko, ekseli imebaki haina mwenyewe.

Anayeshusha kidogo anaweza kuacha mabamba yaendelee kuishika ekseli. Anayetaka chasisi iguse chini lazima afunge vyuma vya kuishikilia, na hapa kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni vyuma vinavyokwenda mbele sambamba, pamoja na kimoja cha kukingama kati ya chasisi na ekseli ili isiyumbe pembeni. Ni rahisi kutengeneza, ila hicho cha kukingama hufuata mzingo, hakiendi wima. Kikiwa na urefu wa sentimita 70, ekseli ikipanda sentimita 10 kutoka kilipokuwa kimelala sawa, inavutwa pembeni milimita 7 hivi. Ikipanda 20, inavutwa karibu sentimita 3, na tairi linaanza kusugua bodi. Njia ya pili ni vyuma vinne, viwili vya juu vikiwa vimetanuliwa mfano wa herufi V. Hivyo vinaishika ekseli pembeni bila kuivuta, nayo inapanda wima. Kazi ya kupima na kuchomelea ni kubwa zaidi, lakini kwa gari la kulazwa kabisa sioni sababu ya kubana matumizi hapo. Chasisi nayo hukatwa upinde juu ya ekseli na kuimarishwa kwa bamba zito, la sivyo ekseli itaigonga kabla gari halijafika chini.

Mchezo huu wa kupanda na kushuka ulikomalia hukohuko California. Sheria ya jimbo, kifungu cha 24008, ilikataza sehemu yoyote ya gari kuwa chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Mwaka 1959 fundi wa huko, Ron Aguirre, akafunga pampu za haidroliki kwenye Corvette yake, aweze kuinyanyua askari wakitokea. Kifungu hicho kilifutwa kuanzia Januari 2024. Matuta hayakufutwa.

Sasa mifuko. Pikapu tupu ni nyepesi nyuma. Tuseme kila upande unabeba kilo 230, ukiacha uzito wa ekseli na magurudumu. Mfuko wenye kipenyo cha sentimita 15 una eneo la sentimita za mraba 177, kwa hiyo unahitaji kilo 1.3 tu kwa kila sentimita ya mraba, PSI 18 hivi. Tairi lenyewe lina zaidi ya hapo! Mpwa wangu alifurahi: upepo kidogo, gari laini. Nikamwambia apige hesabu tena, maana ndani ya mfuko kuna pia ile kilo moja ya hewa ya anga ambayo geji haionyeshi. Mfuko ukibanwa sehemu moja ya kumi ya ujazo wake, kinachopanda ni jumla yote, yaani 2.3, na ongezeko lake ni karibu asilimia 20 ya nguvu inayobeba gari. Mfuko mdogo unaobeba uzito uleule kwa kilo 4 ungeongezeka asilimia 14 tu. Mfuko mkubwa wenye upepo kiduchu ndio unaorusha abiria.

Dawa moja ni kuuhamisha mfuko kutoka juu ya ekseli na kuukalisha katikati ya chuma cha chini. Hapo unabeba maradufu, upepo unapanda hadi PSI 37, na gurudumu linatembea sentimita mbili mfuko ukibanwa moja. Unapata ulaini na kimo pamoja. Gharama yake ni kwamba chuma kilichokuwa kinavuta na kusukuma tu sasa kinataka kupinda, kwa hiyo bomba jembamba halifai. Mbele hakuna mjadala mrefu: mfuko unaingia mahali pa koili, juu ya mkono wa chini, na PSI 60 hivi zinatosha.

Kosa la mwisho linalonikera ni kuunganisha mifuko miwili ya ekseli moja kwa mrija mmoja ili kuokoa vali. Kwenye kona, uzito unaegemea upande wa nje, upepo wake unakimbilia wa ndani, na gari linalala zaidi. Kila gurudumu liwe na vali yake.

Kuhusu mitambo ya kuongoza upepo, ipo inayosoma shinikizo na ipo inayosoma kimo. Pakia mifuko mitano ya saruji: ya kwanza itarudisha PSI zilezile gari likiwa limebonyea. Ya pili itaongeza upepo hadi kimo kirudi, kama ifanyavyo ile fimbo ya vali chini ya mabasi ya mikoani. Mpwa wangu alichukua ya pili, akaweka alama ya chaki kwenye kimo cha kuendeshea, na gari likapelekwa kupimwa alaimenti likiwa kwenye alama hiyohiyo. Tangi la upepo analifungua kila Jumamosi, na maji yanayotoka yanajaza kikombe cha kahawa.