Mlango wa Troa na Roho Isiyotulia

Makanisani kwetu kuna kauli mbili ambazo mtu akizitoa, hakuna anayeuliza tena. Ya kwanza: "Bwana amefungua mlango." Ya pili: "Nimeomba, lakini sina amani na jambo hili." Kazi mpya, uchumba, kiwanja, safari ya masomo, vyote hupimwa kwa mlango na kwa amani, na tunatarajia vipimo hivyo viwili vikubaliane. Ndiyo maana mistari miwili ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 2, wa 12 na wa 13, inastahili kusomwa polepole. Humo mlango uko wazi, na amani haipo.

Paulo anasimulia kwa ufupi, kama mtu anayetoa taarifa. Alifika Troa, bandari iliyokuwa kaskazini-magharibi mwa Uturuki ya leo, kwa ajili ya Injili, akakuta Bwana amemfungulia mlango. Lakini roho yake haikutulia kwa kuwa hakumkuta ndugu yake Tito. Akawaaga watu wa pale, akavuka kwenda Makedonia. Basi. Hasemi kama alifanya vyema au alikosea. Matendo ya Mitume, sura ya 16, inasimulia safari ya awali iliyoanzia bandari hiyohiyo kuelekea Makedonia, na ile ilitanguliwa na katazo la Roho na maono ya usiku. Safari hii hakuna maono. Kuna mtu anayemsubiri mwenzake asiyetokea.

Tazama usimulizi ulivyojengwa. Mara tu Paulo anapotaja kukosa utulivu, anataja na sababu, na sababu hiyo ina jina. Tito ndiye aliyetarajiwa kurudi na habari za Korintho, kanisa ambalo Paulo alikuwa ameliandikia barua kwa machozi mengi. Huku kwetu "sina amani" husimama peke yake, haina mtu wala chanzo, na kwa sababu hiyo haiwezi kuchunguzwa. Ya Paulo inachunguzika: ukijua Tito ni nani na ametoka wapi, unajua roho ya Paulo inauma wapi. Si woga kuhusu Troa. Troa haina tatizo lolote.

Kisha linatokea jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Mstari wa 14 unaikata hadithi na kuanza kumshukuru Mungu kwa sauti kuu, na hatumsikii Tito tena mpaka sura ya 7. Zaidi ya sura nne zinapita. Wataalamu wengine wanaona hapo pameunganishwa barua mbili, na hoja yao haipuuziki, maana mstari wa 5 wa sura ya 7 unashikana na ule wa 13 wa sura ya 2 kana kwamba hakuna kilichowahi kuingia kati. Lakini waraka uliotufikia ndio huu, nao una kazi unayomfanyia msomaji: unamwacha Troa. Tumeambiwa Tito hayupo, hatuambiwi kama amepatikana. Katika kusubiri huko ndimo tunamosomewa habari za hazina iliyowekwa katika vyombo vya udongo, na zile jozi nne za sura ya 4, za watu wanaobanwa pande zote bila kupondwa. Ukizitoa hapo na kuzibandika ukutani, zinakuwa maneno ya mshindi aliyekwisha kupumzika. Mahali zilipo, anayezisema ni mtu ambaye hadithi yake imesimama katikati ya wasiwasi.

Sura ya 7 inapoirudia safari, tunatarajia kusikia kwamba alipoifuata roho yake alipata raha. La. Alifika Makedonia na bado hakupata nafuu: nje mapigano, ndani hofu. Kule Troa ilikuwa roho yake isiyotulia. Sasa ni mwili. Kuondoka hakukumletea amani, na Paulo halifichi hilo. Kwangu huu ndio mstari mzito kuliko yote katika habari hii, kwa sababu unatunyima ile hesabu tunayoipenda, kwamba ukiamua sawasawa moyo utatulia palepale.

Faraja inakuja na mtu. Tito anafika, na Paulo anasema Mungu ndiye aliyemfariji kwa kuja kwake, kisha anaongeza: wala si kwa kuja tu, bali pia kwa jinsi Tito mwenyewe alivyofarijiwa na Wakorintho. Mungu, Korintho, Tito, Paulo: utulivu umepitia mikononi mwa watu.

Mtu atanikumbusha Wafilipi 4, amani ya Mungu inayolinda mioyo na nia. Ni kweli, na ahadi hiyo naishika. Ila pale amani imepewa kazi ya ulinzi. Haijapewa kazi ya kuchagua njia. Tena hata huko amani haiendi bila watu: mistari michache kabla yake, Euodia na Sintike, wanawake wawili wa kanisa hilo, wanasihiwa wapatane. Na katika sura ya 2 ya waraka huohuo, Paulo anaeleza kwamba anamrudisha Epafrodito, mjumbe wao, nyumbani ili huzuni yake yeye Paulo ipungue.

Je, alikosea kuiacha Troa? Waraka haujibu, na nadhani ni kwa sababu haukuandikiwa Troa. Umeandikiwa Wakorintho, watu waliomlaumu Paulo kuwa kigeugeu, leo ndiyo, kesho siyo, baada ya kubadilisha mpango wa kuwatembelea. Hao ndio anaowaambia kwamba aliuacha mlango uliofunguliwa na Bwana kwa kuwa habari zao zilikuwa hazijafika.