Furaha ya Kutunziwa: Mdhibiti Aliyesoma katika Riwaya za Huxley na Bradbury

Wahakiki wengi, wanapojadili udhibiti wa maandishi, huanzia kwenye nguvu: askari, mahakama, gereza. Mtazamo huo una haki yake, lakini hautoshi kuzieleza riwaya mbili mashuhuri za distopia, yaani zile zichorazo jamii ya kubuni iliyopotoka ilhali inajidai kukamilika. Riwaya hizo ni Brave New World ya Aldous Huxley (1932) na Fahrenheit 451 ya Ray Bradbury (1953). Humo mdhibiti haanzi kwa kutisha. Huanza kwa kuhurumia. Hudai kuwa kitabu huzaa huzuni, na kwamba akiondoaye anawatendea watu wema. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dai hilo hukanushwa na yule yule alitoaye, kwa kuwa yeye mwenyewe ni msomaji.

Tuanze na Huxley. Mustapha Mond, mmoja wa watawala kumi wa dunia, ana kasha la chuma alimofungia Biblia na vitabu vingine vilivyopigwa marufuku. Amevisoma. Ujanani alikuwa mwanafizikia, akapewa achague baina ya kupelekwa kisiwani aendelee na sayansi yake na kuingizwa katika utawala, akachagua utawala. Raia wake humeza vidonge viitwavyo soma kila majonzi yanapowanyemelea. Huxley alilitwaa jina hilo kutoka kinywaji cha ibada kitajwacho katika Veda za Wahindi, na bila shaka hakuifikiria lugha yetu. Hata hivyo, msomaji wa Kiswahili hawezi kulipita bila uchungu, maana neno linalotuamuru kusoma limekuwa jina la dawa ya kutofikiri.

Anapojadiliana na John, kijana aliyelelewa katika hifadhi ya New Mexico na kukua na tamthilia za Shakespeare, Mond hakanushi ubora wa tamthilia hizo, wala hasemi kuwa ukweli hauna thamani. Asema tu kwamba gharama yake ni utulivu wa watu. Lakini gharama hiyo ameipima yeye, kwa niaba ya watu ambao hawakuonyeshwa mizani. Hapo ndipo furaha yao inapokuwa kiini macho: si kwamba hawacheki, bali hawana cha kuilinganisha nacho.

Bradbury anakwenda mbele zaidi. Kapteni Beatty ni mkuu wa wazimamoto ambao kazi yao ni kuchoma vitabu, naye huvinukuu kwa ufasaha wa kushangaza. Humweleza Montag, mzimamoto aliye chini yake, kuwa wao ni walinzi wa furaha. Kabla hajasema hayo, msomaji amekwisha kumwona Mildred, mke wa Montag, amemeza vidonge vya usingizi vya kutosha kumuua. Mafundi wawili, wala si madaktari, wanakuja na mashine ya kumsafisha damu, na wanasema hushughulikia watu wa namna hiyo tisa au kumi kila usiku. Asubuhi Mildred hakumbuki lolote. Hata Beatty mwenyewe hakusalimika: baada ya kumwua kwa moto, Montag anatambua kwamba mtu yule alitaka kufa. Mlinzi wa furaha hakuwa nayo.

Beatty anayo hoja nyingine iliyo nzito zaidi: kwamba serikali haikuanzisha uchomaji, watu wenyewe waliutaka, kila kikundi kikilalamikia kilichokiudhi. Wako wanaoyapokea maneno haya kama msimamo wa mwandishi, na kwa hakika Bradbury, katika maneno ya tamati aliyoyaandika 1979, anaelekea upande huo. Sisi tunaona tofauti, na ushahidi wetu ni mkasa wa kitabu hicho hicho. Mwaka 1967 kampuni ya Ballantine, iliyokuwa mchapishaji wake, ilitoa toleo la shule za sekondari ambamo maneno yaliyodhaniwa kuwa makali yalifutwa au kubadilishwa. Bradbury alitaja sehemu 75. Hakuna serikali iliyoamuru. Lakini wanafunzi nao hawakuomba. Wao ndio waliomwandikia mwandishi kumjulisha, na matini kamili ikarudishwa. Waliodaiwa kulindwa ndio waliolalamika. Basi kauli ya kuwa watu wametaka wenyewe haifai kupokewa kama historia. Mara nyingi ni chombo cha udhibiti.

Ulinganisho na Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) unatusaidia kuhitimisha. Karama anashtakiwa kwa kufundisha sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe walioadhibiwa kwa sababu ya maarifa waliyoyaleta. Maneno yake yanashinda, maana baraza linalomsikiliza lilikuwa limeziba masikio, na sasa limesikia. John hawezi kushinda hivyo mbele ya Mond, kwa kuwa Mond alikwisha yasikia yote. Ujinga wa mtawala huweza kutibiwa kwa hoja. Ujuzi uliojifungia kashani hautibiki kwa hoja pekee. Dawa yake ni ufunguo kuwa mikononi mwa wengi. Kwa hiyo, anapotokea mtu kutuambia kwamba kitabu fulani kitawaharibia wasomaji furaha yao, swali la kwanza la mhakiki na liwe hili: je, wewe umekisoma?