Kidonge cha Upara

Ewe msomaji, uwe Misima au popote katika Handeni, ukisifiwa kidonge kioteshacho nywele usikimbilie kuuliza bei. Uliza kwanza: nitakimeza mpaka lini? Jawabu ni daima, kwani ukikiacha, nywele kilizozishika hupukutika ndani ya mwaka.

Kidonge chenyewe chaitwa finasteraidi. Mwaka 1992 kiliruhusiwa Marekani kwa wenye tezi dume iliyotanuka, miligramu 5; mwaka 1997 kikaruhusiwa kwa upara, miligramu 1. Hupunguza homoni iletayo upara. Hapo wakisifuo hunyamaza, ijapokuwa homoni hiyo ina kazi nyingine mwilini, mojawapo ya unyumba.

Wengi hukimeza wasidhurike, haki isemwe. Lakini wachache hupungukiwa nguvu za kiume, na baadhi yao wameeleza kuwa hawakurejea hali yao hata baada ya kukiacha. Tangu mwaka 2011 jambo hilo limo katika karatasi ya dawa huko Marekani. Mwaka 2025 wakaguzi wa dawa wa Ulaya walithibitisha kuwa chaweza kuleta fikra za kujiua. Pia hushusha karibu nusu kile kipimo cha damu kitumikacho kutafuta saratani ya tezi dume, na daktari asiyeambiwa aweza kudhani u salama.

Mwenye tezi iliyotanuka hapati usingizi kwa kwenda haja. Ana sababu ya kuvumilia hatari. Mwenye upara aumwa nini? Naye mkeo, akiwa na mimba, asikiguse kidonge kilichovunjika, kwani chaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni.