Ukuta wa Kuzuia Mchanga

Ukiutazama ukuta wa zege uliokatiza mto mkavu huku Ukambani, kwenye mabonde ya aina ya yale ya Mukuyuni, utadhani mradi ulikufa zamani. Nyuma yake hakuna maji, mchanga umejaa hadi juu. Kumbe ndivyo ulivyokusudiwa: hilo ni bwawa la mchanga.

Anayekutana na bwawa la mchanga mara ya kwanza hulilinganisha na silanga, yaani bwawa la wazi la maji, maana yote mawili yana kizuizi na maji. Kufanana huko ni kwa sura tu, na kunapotosha: silanga likijaa mchanga, limekwisha. Mfano unaofaa anao mtu aliyechota maji mchangani tangu utotoni. Anajua kwamba mahali mwamba unapokatiza mto chini kwa chini, kisima huchelewa kukauka. Mwamba huyazuia maji yasiteremke, mchanga huyakinga na jua. Ukuta unafanya kazi ya mwamba huo. Mchanga wa chembe kubwa hushika maji kiasi cha robo ya ujazo wake au zaidi, na jua haliyafikii yaliyo chini sana.

Ila kuujua mfano si kuukumbuka unapohitajika. Mwaka 1980, wanasaikolojia Mary Gick na Keith Holyoak waliwapa watu fumbo la daktari anayetaka kuua uvimbe kwa miale bila kuunguza nyama ya kando. Watu hao walikuwa wameshasoma kisa cha jemadari aliyegawa jeshi lake kwenye njia nyingi ili kuiteka ngome. Wengi hawakuunganisha kisa na fumbo mpaka walipodokezewa.

Huku Ukambani, nadhani, kidokezo ni kiu. Joshua Mukusya na wenzake walianza kazi ya kuta hizi Utooni, Machakos, mwaka 1978. Baadaye shirika la SASOL likaendeleza Kitui, vikundi vya mwethya, yaani vya kazi ya pamoja, vikisomba mawe na maji ya kukorogea saruji.

Mfano wenyewe una mpaka. Mwamba wa asili umeota pale. Ukuta usipochimbiwa hadi kwenye mwamba na kuingizwa kingoni, maji hupita chini au hula ukingo. Na mto ukileta tope badala ya mchanga, maji yatanaswa na hayatachoteka. Kwa hiyo anayetafuta pa kujenga hufanya vyema kuwauliza kwanza akina mama wachotao maji ni kisima kipi cha mchangani hufika msimu wa mvua bila kukauka.