Sanduku Linalokubali Kufunguliwa

Fundi redio wa Micheweni, Pemba, ninayemzungumzia hapa hapendi kutajwa, nami sitamtaja. Duka lake ni chumba kimoja chenye mlango wa mbao. Mle ndani, juu ya meza iliyojaa matumbo ya amplifaya na spika zilizochanika, amejenga taratibu kitu ambacho majirani hukiita "lile dude" na hawaulizi zaidi. Ni fremu ya mbao iliyopangwa mapande ya bati wima, kila pande na vishikizo vyake vya kuzungusha na matundu yake ya kuchomekea nyaya. Dude halina funguo za kinanda wala kioo cha kuonyesha maandishi. Ukitoa waya tundu hili ukaupeleka lile, linalia; ukiuhamisha, linalia vingine. Ukikosea linanyamaza, na hapo ndipo fundi anapovuta kiti karibu na uso wake kuchangamka.

Nimekaa kwenye barza ya duka hilo jioni nyingi, nikisingizia kungojea redio yangu. Sisemi kwamba milio yote ya dude ni mizuri. Mingine inakera, na bibi wa nyumba ya pili ameshatuma mtoto zaidi ya mara moja kuja kusema swala imekaribia. Lakini kazi yenyewe ni nzuri kuitazama, na sina hakika kama tutaitazama tena baada ya kizazi hiki.

Duniani chombo hicho huitwa sinthesaiza ya moduli. Robert Moog aliunda yake Marekani mwaka 1964, na Don Buchla alikuwa akiunda ya kwake upande wa California karibu na wakati huohuo. Miaka ishirini kabla yao, mwaka 1944, kijana wa Kimisri aitwaye Halim El-Dabh aliazima mashine ya kurekodia sauti kwenye waya, akaenda nayo kwenye ngoma ya zaar ya wanawake wa Cairo, kisha akaichukua ile sauti na kuichezea kwa mwangwi na umeme mpaka ikawa kitu kingine. Nilipomsimulia fundi habari hiyo, hakushangaa. Kwa mtu wa Pemba, ngoma ya kupunga pepo kuingia ndani ya mashine si jambo la kuandikia vitabu.

Habari iliyomgusa ni ya Kampala. Mganda Brian Bamanya, ajulikanaye kwa jina la Afrorack, alitamani chombo hiki, akaona bei ya kilichokwisha tengenezwa haimfikii, basi akachukua michoro kutoka intaneti, akazunguka maduka ya vipuri mjini kwake na kujilehemia mwenyewe, pande baada ya pande. Hutajwa kuwa mtu wa kwanza barani kujiundia sinthesaiza ya namna hii, na mwaka 2022 albamu yake ilitolewa na Hakuna Kulala, lebo ya hukohuko Kampala. Mpwa wa fundi ndiye aliyemwonyesha video yake kwenye simu. Fundi aliitazama mara moja, akarudisha simu, kisha akaanza kuchambua kopo la transista.

Kopo hilo nataka nilieleze, maana ndani yake umo ufundi wote.

Pande linalozaa mlio lina ugonjwa wa kuzaliwa nao: joto linalipoteza. Chombo hiki hupimwa kwa volti, volti moja kwa oktava nzima, lakini ndani, kwenye mguu wa transista, oktava hiyo hupunguzwa ikabaki kama milivolti 18 tu. Transista nayo, kila joto linapopanda kwa nyuzi moja, hubadilika kwa milivolti zipatazo 2, yaani zaidi ya nusu sauti. Asubuhi umeulinganisha mlio vizuri. Jua la Micheweni likishagonga bati, wimbo umehama. Dawa yake ni kutumia transista mbili zinazofanana tabia, kila moja ifute kosa la mwenziwe. Zinauzwa zilizokwisha linganishwa kiwandani, ndani ya kifuko kimoja, lakini si huku kwetu. Huku kuna kopo la maziwa ya unga lililojaa transista zilizotolewa kwenye redio zilizokufa tangu enzi za National na Philips, na kuna mita, na kuna mtu mwenye subira.

Basi huchukua moja, akaichomeka kwenye kibao chake cha kupimia, akangoja. Kungoja ndiko kwenyewe, kwa sababu joto la vidole vyake limeshaingia kwenye transista na namba kwenye mita bado zinatembea. Hazungumzi. Zikitulia, huandika kwa penseli kwenye kipande cha karatasi, huiweka kando, huchukua nyingine. Jioni nzima inaweza kupita asipate hata jozi moja. Akiipata, huzigusanisha uso kwa uso, bapa kwa bapa, akazitia tone la gundi na kuzifunga kwa uzi mpaka zikauke, ili kuanzia siku hiyo joto liipatalo hii liipate na ile. Nimeona watu wakisherehekea mambo makubwa zaidi kwa furaha ndogo kuliko ile.

Kisha kuna kutafuta ubovu, na hapa ndipo ninapomheshimu kupita kiasi. Mafundi wengi niliowaona siku hizi hutafuta ubovu kwa kubadilisha: badilisha hiki, badilisha kile, bodi nzima ikibidi, mpaka kitu kiwake au mwenye mali achoke. Huyu hutafuta kwa kusikiliza. Ana spika ndogo yenye amplifaya yake, na waya mmoja mrefu wenye kapasita na sindano kwenye ncha. Huanza katikati ya sakiti. Anagusa, kama mlio upo hapo, basi ubovu uko mbele, na nusu nzima ya nyuma imesamehewa. Anagusa katikati ya nusu iliyobaki. Kwa miguso michache ameshafika kwenye mguu wa kapasita moja. Pengine hutumia kidole kitupu, kwani mwili wa mtu hubeba mnong'ono wa umeme wa nyumba, na mahali pazima pakiguswa spika hunguruma. Kidole chake kinajua ngurumo ya kawaida na ngurumo yenye kasoro kama mvuvi wa mshipi ajuavyo samaki na mwamba.

Siku moja pande la chujio liligoma. Lililia likiwa limelala mezani, likanyamaza likisimamishwa kwenye fremu. Mpwa alisema aisi (IC) imekufa, atafute nyingine. Fundi akamwambia, "Kiache kilie vibaya, mwanangu, miye ntajua kinapoumwa." Akalipindua, akaligonga polepole kwa mpini wa bisibisi, huku na huku, mpaka sauti ikakatika na kurudi. Hapo akavaa miwani. Kulikuwa na kilehemu kimoja kisichong'aa, kijivu, chenye duara jembamba la ufa kuzunguka mguu, jembamba kiasi kwamba mimi nilioneshwa na bado sikuliona. Alikigusa kwa pasi na risasi mpya kidogo. Kazi kwisha. Aisi iliyotaka kutupwa ingali inafanya kazi mpaka leo.

Si kila ubovu ni wa mkono wa mtu. Micheweni ni nchi ya mawe na bahari. Wanaoishi hapa wanavunja kokoto, wanalima mwani, wanavua, na upepo unaotoka pwani una chumvi inayokula shaba mpaka iote ukijani. Kishikizo cha sauti kikizungushwa kinakwaruza kabla mwaka haujaisha. Kuna tena makosa ya watunga sheria wa mbali. Mjerumani Dieter Doepfer, katikati ya miaka ya 1990, aliweka vipimo ambavyo wajenzi wengi wa vyombo hivi duniani wanavifuata: kimo cha pande milimita 128.5, umeme wa volti 12 chanya na volti 12 hasi. Jambo la heri, maana pande lililotengenezwa Berlin linaweza kukaa jirani na lililotengenezwa Pemba. Lakini utepe wa kuleta umeme una mstari mwekundu, na mstari huo mwekundu, kwa desturi yao, ni upande wa hasi. Kila fundi aliyelelewa na redio anajua nyekundu ni chanya. Aisi ngapi zimeungua kwa ajili ya mstari ule, Mungu ndiye ajuaye. Fundi wangu ameipaka mistari yote wino mweusi.

Na ana sababu ya kujisumbua hivi, ingawa haisemi mpaka umchokoze. Ukimwuliza kwa nini asinunue kinanda kama wapiga taarab wa siku hizi, hufungua sauti ya mlio mmoja, kisha wa pili, na kuusogeza wa pili kidogo kidogo kwa kishikizo. Unapita pale ambapo kinanda kingeweka ufunguo, haujafika ufunguo unaofuata, na ghafla, katikati yao, unasikia Rast, makamu (ngazi ya sauti) ya muziki wa Kiarabu. Sauti ya tatu ya makamu hiyo ndipo inapokaa, na kinanda cha kawaida hakina mahali pa kuiweka. Kwenye dude ni suala la volti tu, kama 0.29 juu ya sauti ya mwanzo, au palipo sawa na sikio lako bila kuuliza mita. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905, na vikundi vilivyokifuata vilikuwa na kanuni, udi na fidla, vyombo ambavyo mpigaji huvilinganisha mwenyewe kabla ya kuanza. Viko vinanda vinavyoweza kurekebishwa kufuata makamu, najua. Lakini kwenye harusi ninazoalikwa, kinanda kinapigwa jinsi kilivyotoka ndani ya boksi, na wakati mwingine hakipigwi kabisa: kijana anachomeka flashi na kukaa. Masikio ya watoto wetu yanazoea sauti aliyoichagua mtu wa kiwandani asiyejua kama sisi tupo.

Zamani haikuwa pepo. Nakumbuka redio za betri zilizotuletea habari na nyimbo kutoka Unguja, na betri zenyewe zikianikwa juani juu ya paa ili zitoe pumzi ya mwisho. Pemba ililishwa umeme na majenereta ya dizeli mpaka mwaka 2010, kebo ilipopita chini ya bahari kutoka Tanga. Mafundi wa wakati ule walikuwa wachache, wakali, na redio yako ingeweza kukaa kwao kutoka Ramadhani moja hadi nyingine bila mtu kukuomba radhi. Sitaki kumtia mtu tamaa ya kurudi huko.

Lakini redio zile zilifunguka. Zilikuwa na skrubu, na skrubu zile zilikubali bisibisi ya mtu yeyote. Na nyingi, ukishaondoa kifuniko cha nyuma, ulikuta karatasi imebandikwa kwa ndani: mchoro wa sakiti nzima, kila resista na kipimo chake, kila transista na jina lake. Nataka msomaji atulie hapo. Mtu aliyeiunda redio ile, mbali huko, alijua kwamba siku moja itaharibika, kwamba mtu asiyemjua ataifungua, na akamwachia barua. Fundi wangu alijifunza kusoma michoro kwa barua hizo. Baadhi bado anazo, zimekuwa rangi ya chai, amezihifadhi ndani ya msahafu wa zamani. Ninasema msahafu, yeye husahihisha kwamba ni jalada tu la msahafu, kurasa zenyewe zimewekwa mahali pake pa heshima.

Leo analetewa spika zilizogandishwa kwa gundi, simu ambazo betri zake hazitoki bila kuvunja kioo, amplifaya ambazo aisi zake zimekwanguliwa jina makusudi. Barua imefutwa. Watu hawamletei tena ili atengeneze. Wanamwuliza kwanza kama inafaa kutengenezwa, na kabla hajajibu wameshataja bei ya mpya. Kwenye mashimo yaliyochimbwa mawe nimeona redio na televisheni zimetupwa pamoja na nepi, na watoto wakichoma nyaya ili wapate shaba ya kuuza kwa kilo. Kila moshi ule ni kopo moja la transista.

Nimejaribu kumshawishi aende kwenye redio ya jamii, maana Micheweni inayo, akalipige lile dude hewani, watu wajue. Alikataa, akisema halijakamilika. Halitakamilika. Kila akimaliza pande, anaona lililotangulia angeweza kulijenga vizuri zaidi, na huling'oa. Mpwa wake, aliyekuwa na sikio zuri kuliko wote niliowaona wakikaa pale, amehamia Dar es Salaam, anauza kava na chaja. Kwa simu alimwambia, "Mjomba, mapande yapo tayari yanauzwa, nikuagizie?" Fundi akamwuliza likiharibika litafunguliwa na nani. Kijana alicheka, akasema likiharibika ataagiza jingine.