Masanga ya Bosco: nani bado anaisikiliza?

Bandugu, muulize muntu yeyote wa Lubumbashi juu ya Masanga ya Mwenda Jean-Bosco, kiisha hesabu ni maneno mangapi atasema mbele ya kufika ku neno "baba". Mimi nilifanya vile karibu mwezi muzima hapa Kasapa: mu nyumba za wanafunzi, ku bamama wenye kuuzisha unga, mu taksi ya kuenda mujini. "Baba alikuwa nayo mu disiki." "Baba alikuwa anaiweka siku ya Yenga kiisha misa." "Nkambo alimuona Bosco na macho yake, kule Likasi." Watu wanaipenda, hapana mashaka. Lakini nilipowauliza swali la pili, nani aliisikiliza mwaka huu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, vidole vya mukono moja vilinitosha kuhesabu.

Njo maana ninaandika. Tunasema Masanga ni ya bazee, na tunaona kama ni heshima tunaitolea. Kwangu mimi ile ni namna ya kuizika.

Mbele ya yote, tuweke tarehe fasi yake. Disiki ya Masanga ilitoka mu kazi ya Hugh Tracey, Muingereza aliyekuwa anatembea Afrika na mashini ya kurekodi. Mu 1952 alimukuta Bosco kule Jadotville, mji tunaoita leo Likasi. Bosco alizaliwa Bunkeya mu 1930. Kwa hiyo huyu "muzee" wetu, siku ile, alikuwa na miaka 22, umri wa wengi wenye kusoma maneno haya. Hata université yetu haikuwako: Université officielle ilifungua milango hapa Elisabethville mu 1956. Wimbo unaipita kampusi yetu umri, lakini aliyeupiga alikuwa kijana wa rika letu. Wimbo ulipata zawadi ya Osborn, ya muziki bora wa Afrika. Kijana moja, gitare moja, sauti moja. Hakuna ngoma, hakuna chupa ya Fanta ya kugonga, hakuna mwenzake wa kumushikia rythme.

Na hapo njo kuna kazi yenyewe. Weka telefone chini, chukua ekutere nzuri, usikilize paka gitare. Mara ya kwanza nilidhani ni gitare mbili. Hapana: ni mukono moja wa kuume, kidole gumba na kidole cha kwanza, basi. Gumba kinatembea chini kama muntu anayeenda kazini asubuhi, hakichoki, hakiulizi. Kidole kingine kinajibu juu, na hakijibu saa unayoingojea. Kinakuja mbele kidogo, ao kinachelewa, ao kinanyamaza wakati ulikuwa umejitayarisha kukisikia. Sauti ya Bosco inapoingia, inapita katikati ya hao wawili bila kuwagonga. Kuna fasi ambapo anaacha kuimba, na gitare inaendelea kusema ile maneno yake bila kinywa. Ukiuliza mimi, ile fasi inapita mistari yote ya kuimbwa.

Sasa sikiliza vile watu wanabishana juu yake. Ubishi mukubwa ni wa jina. Wale wenye kuongea Lingala wanasema: "Masanga ni pombe, ni wimbo wa balevi." Wakatanga wanakasirika mara moja: "Pombe wapi! Masanga ni masanga ya njia, fasi njia zinakutana." Nilisikia kijana moja wa Droit akitetea njia-panda kwa nguvu sana, mpaka nilidhani ni kesi ya mupaka wa province. Nilimuuliza: wimbo unaanza namna gani? Hakujua. Anatetea jina ya nyumba ambayo hajaingia ndani. Na ukifungua mulango utakuta maneno ya wimbo hayafuati hadithi moja: yanaruka kutoka jambo hili mpaka jambo lile, kama watu wanaoongea kwenye barza jioni. Kinachoyashikanisha ni gitare. Kwa hiyo muntu anayetafuta maana yote ndani ya jina anatafuta funguo mu mufuko wa jirani.

Ubishi wa pili ni wa "ile ya kweli". Kila familia iko na Masanga yake ya kweli, ile baba alikuwa nayo, na zingine zote ni za uongo. Lakini Bosco mwenyewe hakuwa anapiga Masanga sawasawa kila siku. David Rycroft aliandika noti za gitare yake mu miaka ya mwanzo ya 1960, na jambo alilochagua kuchunguza lilikuwa hilo: namna Bosco anabadilisha wakati anapiga. Aliona wazi kama wimbo ni njia, na kila siku muntu anatembea ndani yake mwendo mwingine. Mimi ninapenda zaidi ile ya 1952, kwa sababu ya mwendo wake wa kijana mwenye haraka. Lakini ninapenda, sisemi kama zingine ni za uongo.

Niruhusuni nitoke Katanga kidogo, nitarudi. Mu 1950, miaka miwili mbele ya kufika Likasi, huyohuyo Tracey alikuwa Kenya kwa Wakipsigis. Kule alirekodi wasichana wakiimba juu ya kiumbe fulani anayeitwa Chemirocha, nusu muntu, nusu munyama. Unajua ni nani? Ni Jimmie Rodgers, Mumarekani wa muziki wa country, aliyekufa mu 1933. Disiki zake zilifika mu vijiji vile, watu wakasikia ile sauti inatoka mu sanduku bila muntu, jina likageuka mu kinywa, na Rodgers akapata miguu ya swala. Watu wanapenda kucheka hii hadithi. Mimi siicheki, kwa sababu sisi tulifanya vilevile kwa Bosco. Tulimugeuza nusu muntu, nusu baba. Tunapomutaja tunamuona baba yetu ameketi mu fotei, viatu vimepakwa, redio iko pembeni. Kijana wa Bunkeya mwenye vidole viwili hatumuoni tena.

Tofauti ni moja, na inaniuma. Wale wasichana walimuchukua Rodgers wakatoa wimbo wao, mupya, wenye kupendeza mpaka leo. Sisi tulimuchukua Bosco, na tulitoa nini? Masolo.

Mutaniambia masolo nayo ni kitu, na muko na haki. Hapa Lubumbashi tuko na neno zuri sana, ukumbusho. Mu miaka ya 1970 nyumba nyingi za wafanyakazi zilikuwa na picha za kuchora mu salon: mamba muntu, ao Colonie belge yenye polisi anapiga mufungwa na fimbo. Watu waliziita ukumbusho. Muangalie lile neno vizuri: ni la kukumbusha, ni kazi inayofanyika. Mugeni anaingia, anaangalia picha, anauliza, masolo inaanza, na mwisho kila mutu anafikiri tena juu ya maisha yake. Picha ilikuwa ya kuamusha. Ile ya kuangaliwa na kupitwa ilikuwa pambo tu. Masanga ilikuwa ukumbusho wa namna ile mu nyumba nyingi. Leo ninaogopa imebaki pambo: tunaitaja, tunapiga moyo konde, tunabadilisha wimbo.

Kati ya maneno yote niliyosikia, lile lililonisimamisha lilitoka kwa dada moja wa Lettres. Alisema: "Yaya, kwetu gramofone ilikuwa ya baba. Mama hakuwa na ruhusa ya kuigusa. Kwa hiyo usiniulize mama anakumbuka nini juu ya Bosco. Anakumbuka sauti kutoka ku jikoni, nyuma ya ukuta." Nilirudia kichwani ile sentensi siku tatu. Vitabu na mazungumzo yetu juu ya muziki wa zamani vimejaa wababa: wababa wa reli, wababa wa Union Minière, wababa wa bar. Wamama walisikia Masanga ya namna gani, kupitia ukuta, na mafuta yanalia mu sufuria? Pengine walisikia paka gumba, kwa sababu sauti ya chini njo inapita ukuta. Kama kuna muntu wa promo yetu anatafuta sujet ya mémoire, iko hapo, ya bure.

Bosco mwenyewe alienda mbali na vidole vyake. Mwisho wa miaka ya 1950 alikuwa Nairobi, na gitare yake ilipita mu redio pamoja na matangazo ya dawa ya Aspro. Wakenya waliishika ile namna ya Katanga wakaiingiza mu mambo yao. Mu 1969 alipiga Newport, Marekani. Mu 1979 Muingereza John Low alikuja hapa Lubumbashi, akaketi mbele ya Bosco na mbele ya Losta Abelo, akajifunza kidole kwa kidole, na mu 1982 akatosha kitabu, Shaba Diary. Miaka minane kiisha, 1990, Bosco alikufa mu aksida ya gari kule Zambia. Leo muntu wa Japani ao wa Ujerumani mwenye kutaka kupiga Masanga anapata noti zake bila shida.

Sisemi hivi ili kuwalaumu wageni. Waliuliza, wakajibiwa, wakaandika, kazi safi. Ninasema paka kama hapa, kilometa 120 hivi kutoka fasi wimbo ulirekodiwa, nilitafuta mwanafunzi mwenye kuupiga na nilipata moja tu. Ni kijana wa Polytechnique, gitare yake imekosa kamba moja. Anapiga Masanga, lakini maneno ameweka yake: kuran imekatika, bei ya bukari imepanda, mwenye nyumba anagonga mulango. Muzee moja wa jirani, aliyefanya kazi ku reli, alimusikia akakasirika: "Unaharibia Bosco!" Nilimuheshimu muzee, sikubishana naye. Lakini ninaandika hapa: kwa masikio yangu huyu kijana iko karibu na Bosco kupita sisi wote tunaolia juu ya disiki ya baba. Anafanya kile Bosco alikuwa anafanya ku miaka 22, anaweka maisha yake juu ya vidole viwili.

Tena hajaiweza bado. Gumba kinatembea vizuri. Kile kidole cha juu kinafika kwa wakati, sawasawa, kila mara, na hapo njo kosa lake. Nilimuambia akichelewesheshe. Akacheka, akasema: "Yaya, kuchelewa njo nguvu." Amerudi ku mwanzo, sasa anapiga polepole.